Miezi Niliyokuwa Wakili Asiye na Kiapo

Siku yangu ya kwanza kazini Bujumbura nilipewa sindano nene na uzi mweupe, nikaambiwa nishone majalada. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Kwa miaka saba nilikuwa nimewatetea watu mbele ya mahakimu wa Uvira, Kongo, ng'ambo ya ziwa, na sasa nilikaa kwenye kona ya ofisi ya wakili mzee, nikitoboa karatasi za kesi za wengine. Mwenye ofisi, Maître Seif, alisimama akanitazama.

"Kaza uzi, dada," akasema. "Kuna karatasi ilitupotea ku ngazi za mahakama, na kesi ikaenda nayo."

Maître ndivyo wanavyoitwa mawakili hapa, kwa Kifaransa. Uvira nami niliitwa hivyo. Bujumbura nilikuwa dada.

Nilivuka mpaka na mama yangu baada ya vita kuingia mjini kwetu. Shahada yangu niliifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaibana kifuani. Nilidhani kazi haitanisumbua, kwa kuwa sheria za kwetu na za huku zilianza kuandikwa na Mbelgiji yule yule. Sikujua kwamba sheria ni jambo moja, na ruhusa ya kuisema ni jambo jingine. Ili upate ruhusa hiyo, ulipaswa kwanza kuwa stajieri, yaani wakili mwanagenzi, chini ya wakili mkubwa aliyetia saini kwamba amekupokea. Bila saini yake jina lako haliingii kwenye orodha. Bila orodha huapi, na asiyeapa havai joho.

Niliitafuta saini hiyo kwa miezi mitano. Nilipanda na kushuka ngazi za ofisi za katikati ya mji hadi makarani wakanizoea. Wengine waliniuliza kama najua Kirundi, nikajibu kwamba najifunza. Wengine walisema nirudi wiki ijayo, nami nikarudi, nikaambiwa wiki nyingine. Wakili mmoja alinipokea nyumbani kwake Kiriri, mtaa wa kilimani, akanipa maji ya matunda, akasoma shahada yangu yote hadi kwenye mihuri.

"Umesoma vizuri," akasema. "Lakini hapa stajieri ni mutoto wa mutu ninayemujua. We ni wa nani?"

Sikuwa na wa kumtaja. Nilishuka kile kilima kwa miguu, na nilipofika kwenye chumba tulichopanga Buyenzi nikamwambia mama kwamba yule bwana anafikiria.

Maître Seif alinichukua kwa sababu ya bandari. Alikuwa mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kiarabu walioishi mjini miaka mingi, na wateja wake wengi walikuwa wachukuzi na wachuuzi kutoka Kongo, watu wa Kiswahili waliokuwa na hati za Kifaransa wasizoweza kuzisoma. Alihitaji mtu wa kukaa nao. Alitia saini, barua yangu ya maombi ikapelekwa kwa kamati ya mawakili wakubwa, na tukaanza kungoja. Siku hiyo alifunga mlango wa ofisi.

"Sikia, dada. Mupaka uape, usifungue mudomo mbele ya hakimu. Hata kidogo. Mutu anayesemea mwingine bila kiapo anajifanya wakili, na hilo ni kosa la jinai. Wataitupa barua yako, na mimi watanikemea."

Nikamwahidi.

Mwezi wangu wa tatu pale ofisini alikuja mke wa Bahati. Bahati alikuwa mchukuzi bandarini, mtu wa Fizi kule Kongo, na alikuwa ameshikwa kwa madai kwamba aliiba mifuko ya simenti iliyotoka Kigoma. Nilikwenda bandarini mwenyewe. Nilizungumza na mabaharia, nikaomba nakala ya hati ya mzigo, ile karatasi ya melini inayoandika kila kilichopakiwa. Mifuko iliyokosekana haikupakiwa kabisa. Ilipungua Kigoma, kabla Bahati hajaweka bega lake chini ya mfuko hata mmoja. Niliandika hoja zote za utetezi kwa Kifaransa, Maître Seif akabadilisha maneno mawili tu, akatia saini yake.

Asubuhi ya kesi nilitangulia mahakamani na jalada lenye hoja hizo na hati ya mzigo. Maître Seif hakuja. Baadaye nilijua kwamba presha ilimwangusha bafuni, na alikuwa kitandani hospitali wakati sisi tunamngoja. Hakimu aliita jina la Bahati. Upande wa pili, wakili wa mwenye simenti alikuwa amekaa na joho lake, naye alikuwa mmoja wa wale wa kamati waliokuwa na barua yangu.

"Wakili wako iko wapi?" karani akamtafsiria Bahati.

Bahati akageuka, akanionyesha kwa kidevu. "Ni ule mama. Anajua yote."

Hakimu akaniuliza kwa Kifaransa kama mimi ni wakili. Ile hati ya mzigo ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema kwamba Maître Seif ana dharura na kuomba kesi iahirishwe. Ningeweza kuinyoosha tu ile karatasi. Nilimwona yule wakili wa kamati akiinua macho. Nikamfikiria mama yangu kule chumbani.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Mimi ni mfanyakazi wa ofisi."

Nikakaa. Kesi ilisikilizwa bila mtetezi, ikamalizika upesi. Bahati alihukumiwa miaka miwili. Walipokuwa wakimtoa alikuwa bado ananitazama. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa anangoja nimalize kusema.

Maître Seif alipopona alikata rufaa, akanituliza kwa kusema kwamba nilifanya sawasawa. Baada ya muda kamati ilinikubali. Niliapa kwenye ukumbi uliojaa jamaa za stajieri wengine, wakipiga picha. Mama alivaa kitenge kipya. Nilipovaa joho nilihisi joto tu.

"Rufaa ya Bahati ni yako," Maître Seif akasema. "Anza na hiyo."

Nikaenda gerezani kumwandaa. Alikuwa amekonda, na alikohoa kabla ya kila sentensi. Nilimweleza mpango wetu, naye akanisikiliza hadi mwisho.

"Maître," akasema, na ndiye mteja wa kwanza kuniita hivyo Bujumbura, "siku ile, karatasi ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mu mukono?"

"Mkononi."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi, tuendelee."

Nilishinda. Nilisema dakika kumi, nikatoa hati ile ile, na mahakama ikamwachia. Alikuwa amekaa ndani miezi kumi na mmoja. Bandarini nafasi yake ilikuwa imechukuliwa, na mke wake alikuwa amerudi Fizi na mtoto wao, ambaye aliugua surua na hakupona. Bahati alinishika mkono nje ya mahakama, akaenda. Sikumwona tena.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka ishirini na mitatu. Kesi za mirathi, mipaka ya viwanja, mizigo. Maître Seif alifariki nikabaki na ofisi, na sasa nimestaafu, nakaa Kibenga, magoti yananisumbua. Vijana waliovuka mpaka kama mimi bado wananijia na shahada zao. Nawaonyesha jinsi ya kuandika barua, nani wa kumwona, nani atawapotezea muda. Kisha huniuliza kama ilikuwa vigumu, nami hujibu kwamba ilikuwa vigumu, lakini nilipata.

Binti mmoja tu nilimsimulia habari ya Bahati. Aliniuliza: kama siku ile ingerudi, ungesimama? Nilitaka kumwambia ndiyo. Nimejaribu jibu hilo mara nyingi nikiwa peke yangu, na kila mara namwona mama pale chumbani, namwona yule wakili akiinua macho, na najua.

"Ningekaa," nikamwambia.