Kidole cha Jamaa wa Saiba

Jamaa wa saiba ya Mukuyuni, duka la intaneti pale sokoni, hugeuza skrini imwelekee mwanafunzi na kumpa mzazi mgongo. Nduku, aliyemleta bintiye Mutindi kuomba nafasi ya chuo, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Akamkazia macho. Jamaa alipangusa kipanya kwa kitambaa, akachapa kwa vidole viwili, akanong'ona kama mtu aliye kanisani. Zamani watoto waliomba chuo cha hapa sokoni, wakasomea ushonaji na kulala kwao. Siku hizi wote wanataka upishi wa hoteli, tena Mombasa. Lazima kuna mtu huko anayempa huyu kitu kidogo, Nduku alijiambia, akanyanyuka polepole na kuchungulia juu ya bega lake.

Kwenye skrini paliandikwa ushonaji, chuo cha hapa hapa, vile walivyokubaliana nyumbani. Nduku akashusha pumzi. Lakini kidole cha jamaa kilikuwa kimesimama juu ya kipanya.

"Hii ni wewe umechagua," alimuuliza msichana kwa sauti ya chini, "ama ni mama?"

Mutindi akamgeukia mama yake. Jamaa hakubonyeza, na Nduku, aliyesimama ili amshike mwizi, akakosa pa kuweka macho.