Mchumba Aliyepalilia Mikoko

Kwetu Likoni, siku hizo bendera ya Mwingereza ingali juu, mwanamume haoi kabla hajasimamisha nyumba. Mchumba wangu alikuwa na udongo, alikuwa na makuti, na mimi alikuwa nami. Alichokosa ni boriti za mkoko. Mikoko ya hori yetu, ule mkono wa bahari uingiao kwetu, ilikuwa imekatwa, limebaki tope, na mlinzi wa msitu akapiga marufuku: ile mikubwa michache iliyosazwa haiguswi mpaka miche iliyo chini yake ifike mtu kiunoni.

"Tupande lini?" mchumba wangu akamuuliza.

"Hampandi. Mbegu zaanguka zenyewe, zaota zenyewe. Kazi yenu ni kukaa mbali."

Maneno hayo hayakumwingia. Huyu ni mtoto wa wakulima wa minazi. Kwao shamba lenye majani ni aibu ya ukoo mzima. Maji yakitoka, yeye huyo, jembe begani, anaingia topeni. Akapanda mbegu za mkoko kwa mistari, na kila kilichojiotea katikati akaking'oa kama gugu. Baba yangu akamsifu mtaa mzima.

Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, likaja likazoa mistari yote. Akapanda tena, akapalilia tena. Mwaka wa pili hori ilikuwa safi kama ua uliofagiliwa, chini ya ile mikubwa hamna hata jani. Baba, yule yule wa sifa, akaanza kunitajia mzee wa Changamwe aliyefiwa na mke, mwenye nyumba ya mawe na kikohozi. Nililia, wallahi, na nililia kwa hasira. Yaani niolewe na kikohozi kwa kuwa mwanamume nimpendaye ana bidii?

Nikamtuma shangazi yangu akaazime lile jembe.

Halikurudi. Mkwe mtarajiwa hawezi kumdai shangazi wa mchumba wake. Na kununua jingine ni kumwambia kuwa umechoka kumngoja. Basi akakaa na adabu zake. Baba nikamzungusha, mfungo huu, mfungo ujao, hata mzee wa Changamwe akachoka akaoa pengine. Huku nyuma miche ikajiotea ovyo ovyo, ikafika kiunoni, na kibali cha kukata kikatoka.

Tuliingia nyumbani kwetu mwaka wa uhuru. Hadi leo mume wangu huwasimulia wajukuu jinsi alivyoupanda msitu ule kwa mikono yake, nami humwitikia. Jembe lake liko uvunguni mwa kitanda tunacholalia.