Zima Uwashe

Mke mwenzangu alikuwa na kila kitu kabla mimi sijafika Tunduma: mume, nyumba, wateja, na ile mashine ya kudarizi ya chumba cha mbele. Mimi niliolewa nikavikuta. Mume wetu ni msafirishaji, muda mwingi yuko barabarani na lori lake, akasema mashine tuitumie kwa zamu. Tukaitikia wote wawili.

Mashine yenyewe ni ya zamani. Haijui flashi wala simu. Nakshi inazipokea kutoka kwenye kompyuta, kwa waya mnene unaochomekwa nyuma kwenye tundu la kizamani, lenye pini tisa na skrubu mbili pembeni. Kompyuta nayo imechoka, ndiyo maana fundi aliiwekea Linux, mfumo mwepesi, isielemewe. Kila mmoja wetu anaingia kwa jina lake na nywila yake. Akiingia bi mkubwa, sindano inacheza. Nikiingia mimi, kioo kinaandika: ruhusa imekataliwa.

Ruhusa! Yaani hata kompyuta inajua nani mkubwa humu ndani?

Na wakati huo nilikuwa nimepata mteja wangu wa kwanza, wangu mwenyewe, si wa kuachiwa. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alitaka mashuka ya bintiye anayeolewa, yenye maua kwenye pindo. "Ijumaa nakuja kuyachukua, bamayo," akaniambia, yaani mama kwa lugha ya kwao. Nikishindwa, kazi itakwenda kwa bi mkubwa, na mimi nitabaki mwanamke wa kukata nyuzi zilizoning'inia.

Nikahangaika. Nilichomoa waya nikauchomeka tena, nikakaza skrubu mpaka vidole vikauma. Nikasafisha pini kwa spiriti. Nikaandika amri aliyotufundisha fundi, kompyuta ikajibu kwamba tundu lipo na ni zima. Nikanunua waya mwingine. Ruhusa imekataliwa. Bi mkubwa akapita na ndoo yake, akachungulia.

"Mdogo wangu, zima uwashe."

Jamani! Zima uwashe si ndiyo anaambiwa mtu asiyejua kitu? Nikasema, "Asante dada," roho inachemka. Nilijua anachotaka: nizime, maua niliyohangaika kuyachora yapotee, apate kucheka. Sikuzima ng'o. Hata nilipokwenda msibani kwetu Isongole niliiacha inawaka kwa betri ya sola, nimefunga kioo kwa nywila. Yeye akitaka kufanya kazi anaingia kwa jina lake, langu linabaki wazi chini yake. Niliporudi akawa kila akipita anauliza, "Umezima?" Najibu, "Bado dada."

Alhamisi umeme ukakatika, mawingu yamefunga siku nzima, betri ikaisha. Kompyuta ikazimika yenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha mashine nikalia, tena kwa sauti, maana mashuka yalikuwa yamekunjwa mbele yangu meupe vilevile.

Umeme uliporudi niliwasha, nikaingia. Maua yangu yalikuwepo yote. Nikayatuma nikiwa nimefumba macho. Sindano ikashuka, ikapanda, ikaanza kazi. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Bi mkubwa akaja mbio. "Si nilikwambia? Mara ya kwanza nilikisia tu, lakini ulipokuwa msibani nilimwita fundi. Nikamwambia ile kompyuta inaniruhusu mimi tu kutumia tundu lile, akuingize na wewe kwenye orodha. Akakuingiza. Akasema kompyuta haitakutambua mpaka izimwe na kuwashwa upya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nimeita fundi, ungesema nakuingilia kazi yako. Ungenuna."

Ningenuna kweli. Nilikuwa nimeshanuna muda wote, kwa sababu ya maneno mawili tu.

Ijumaa mama wa Nakonde alikuta mashuka yamekamilika, yamepigwa pasi. Akayageuza huku na huku, akamwangalia bi mkubwa. "Kumbe ndio huu mkono wako unaosifiwa mpaka kwetu, bamayo."

"Si mkono wangu," akasema mke mwenzangu. "Ni wa huyu mdogo wangu. Mimi nimepiga pasi tu."

Nilishukuru, nikatabasamu, nikapokea sifa zangu. Halafu nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Wivu ulikuwa umenikaba kuliko siku zote. Mashine tungegawana, wateja tungegawana, hata mume tunagawana. Roho ile je, ningeipatia wapi? Natamani angekuwa mbaya, wallahi, hata kidogo tu.