Mama Soda na Ukuta wa Bi Wahiba

Watu wakisikia kwamba Tupokigwe ana mashine ya soda, wanamfuata kwake Kinyerezi na kreti mkononi. Nimeshuhudia mwenyewe. Mmoja alifika jua kali, akaulizia orenji ya baridi. Tupokigwe akamjibu, "Karibu, kaka. Hapa soda tunaipiga ukutani, hatuinywi." Ndipo jina la Mama Soda lilipomganda.

Soda yenyewe ni ya unga, ndugu wa ile tunayotia kwenye maandazi, ila chenga zake ni kubwa kidogo. Anaimimina kwenye tenki, kompresa inasukuma upepo, na soda inatoka kwenye bomba kwa kasi na kubandua rangi. Kwa kuwa ni laini, chenga zinavunjika zikigonga, na kilicho chini ya rangi kinabaki kizima. Mchanga, ambao mafundi wengine wanautumia kwenye mashine zao, ungekula vyote viwili. Mimi ni fundi cherehani, mambo ya rangi siyajui. Haya nimeyajua kwa kumsikiliza Tupokigwe akigombana na watu.

Maana kugombana anagombana. Alitoka kwao Tukuyu akiwa binti, akapata kazi gereji ya kubandua rangi za magari kwa dawa kali, ile inayochoma hadi ngozi ya vidole ikamtoka. Alipoomba afundishwe mashine ya mchanga, wanaume wakacheka, wakamwambia hiyo si kazi ya mwanamke. Akaondoka. Aliporudi kuwaonyesha mashine yake mwenyewe walicheka tena, wakasema hiyo ni ya kuokea keki. Aliwaacha wacheke. Mpaka leo akipita pale gereji anapiga honi, na si kwa salamu.

Sasa nije kwa Bi Wahiba. Kibaraza changu hapa Ukonga kinatazamana na nyumba yake. Aliijenga na marehemu mumewe, Muhsin, muuza duka, na walipoimaliza Muhsin alichukua brashi na rangi nyeusi ya mafuta, akaandika ukutani kwa mkono wake: NYUMBA HII HAIUZWI. Mji huu kila mtu anajua kwa nini tunaandika hivyo. Unakwenda safari, unarudi unakuta ndugu kashauza.

Na ndugu alikuwepo. Jawad, mdogo wake Muhsin. Sijawahi kumpenda na sifichi. Muhsin alipofariki, Jawad akaanza kuwaambia madalali kwamba marehemu alikuwa amekubali kuuza, na kwamba yale maneno ya ukutani aliyaandika mjane baada ya msiba, kwa ukorofi tu. Kisha Bi Wahiba alipokwenda Tanga kuhani msiba wa dada yake, Jawad akaleta vijana wakapaka ukuta wote rangi nyeupe ya maji. Bi Wahiba aliporudi alisimama barabarani na begi lake, akiutazama ukuta. Mimi nililia kwa hasira.

Tukamshauri aandike upya. Akakataa.

"Nikiandika mie leo, Jawad si atasema mnaona, ndiye mwandishi? Nautaka mkono wa Muhsin."

Alikuwa na haki. Muhsin alikuwa anaandika N kinyumenyume, mstari wa katikati umelalia upande usio wake. Ukonga nzima ilijua. Kibao cha duka, bei ya unga, bei ya nazi, kote N imegeuka. Tulimtania miaka yote na hakubadilika. Duka lilishachukuliwa na mtu mwingine na kibao kikatupwa. Picha hakuna, nani apige picha ukuta? Mkono wa Muhsin ulikuwa umebaki sehemu moja tu, chini ya rangi ya Jawad.

Nikampigia simu Tupokigwe. Alikuja, akamwamkia Bi Wahiba shikamoo, akaukwaruza ukuta kidogo kwa ukucha na kuguna.

"Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta haishiki vizuri. Inaweza ikatoka yenyewe na herufi zikabaki. Ila mama yangu, sikudanganyi, kazi hii sijawahi kuifanya. Huwa naambiwa ondoa yote. Nikikosea, herufi zinakwenda na hazirudi."

"Na usipofanya?" akauliza Bi Wahiba.

Tupokigwe akaenda kuishusha kompresa.

Alifunika asumini za Bi Wahiba kwa turubai, kwa sababu soda inaua maua, akavaa miwani na barakoa. Akasema ataanzia mwisho wa sentensi, ajifunzie kwenye herufi za nyuma, ili akifika kwenye N mkono uwe umezoea. Kompresa ikanguruma. Vumbi jeupe likafunika ukuta, na lilipotulia tukaona lipu tupu. Ile I ya mwisho ilikuwa imekwenda na rangi ya juu.

Nilishika kichwa. Bi Wahiba alifumba macho. Tupokigwe alizima mashine, akatukana kwa Kinyakyusa, nadhani alikuwa anajitukana mwenyewe. Akapunguza upepo, akarudi nyuma hatua moja, akalilaza bomba ubavu badala ya kulielekeza usoni mwa ukuta. Akawasha tena. Safari hii rangi nyeupe ilianza kutoka magamba magamba, na chini yake ikachungulia W, nyeusi, nzima. Nilipiga kigelegele peke yangu barabarani.

Alikuwa amefika kwenye HII gari liliposimama. Akashuka Jawad, na nyuma yake mnunuzi, mzee Apolinari, karani mstaafu anayekaa Segerea. Jawad alipoona ukuta, uso ulimbadilika.

"We dada, zima hiyo mashine! Nani kakupa ruhusa?"

"Mwenye ukuta," akasema Tupokigwe, bila kugeuka.

Jawad akaielekea kompresa aizime mwenyewe. Nikamwahi, nikasimama mbele yake. Nilikuwa na mkasi mkononi. Nilikuwa nakata kitambaa kabla ya hapo, sikuwa na nia mbaya, lakini sikuuficha.

"Jaribu," nikamwambia.

Hakujaribu. Akamgeukia mzee Apolinari, akacheka cheko la kulazimisha. "Mzee wangu, si nilikwambia? Shemeji ndiye anayeandika andika ukutani. Na hata kuandika hajui. HAIUZW! Hilo ni neno gani?"

Mzee Apolinari alikuwa anaangalia bomba. Ilitoka A, ikatoka B, M, U, Y. Kisha Tupokigwe akapunguza upepo zaidi na kuisogelea ile ya kwanza taratibu. Vumbi liliposhuka, N ilikuwa pale, imegeuka, nyeusi tii.

Mzee akavua kofia.

"Hii N naijua," akasema. "Nilikuwaga nanunua nazi kwa Muhsin. Huu ni mkono wake." Akamtazama Jawad. "Uliniambia marehemu alitaka kuuza. Mbona mwenyewe anakataa hapa? Mie nilikuja kununua nyumba, sikuja kununua kesi."

Akaondoka kwa miguu, hata gari la Jawad hakulipanda. Watu walishajaa barabarani, na habari za namna hiyo madalali wanazipata kabla ya jua kuzama. Jawad aliingia garini na kufunga mlango kwa kishindo. Bi Wahiba alimfuata hadi dirishani.

"Ukileta rangi tena, shemeji, na mie namleta Mama Soda tena. Tutaona nani atachoka."

Tupokigwe akaosha ukuta kwa maji, akafunua asumini. Furaha haikuwa imemkaa vizuri. "Mama, nisamehe hiyo I. Nitakutafutia fundi wa maandishi aijazie vizuri. Haitajulikana."

"Ijulikane," akasema Bi Wahiba.

Akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi nyeusi na brashi. Akaandika I pale mwisho kwa mkono wake, ndefu kuliko zote, rangi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Zile zake," akasema. "Hii yangu."