Kahawa za Ta Kalisti

Mume wangu Kalisti alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Nasema fundi, sisemi mtu wa kubahatisha. Alijifunzia kwenye karakana ya kiwanda cha sukari kwetu Kagera. Tulipoletwa huku Virginia, Marekani, na binti yetu Anitha, wazee wenzake walikaa kutazama televisheni. Yeye akatafuta mashine kuukuu ya kukerezea, akaiweka kwenye gereji yetu hapa Woodbridge, gari likalala nje kwenye theluji.

Kazi aliyoipata sikuijua kabla. Huku wako wawindaji wanaojitengenezea wenyewe vichwa vya risasi za bunduki zao, kama mtu anayesaga unga wake kwa kutoamini wa dukani. Wanatia madini ya risasi, yale mazito na laini, ndani ya kalibu, chuma chenye tundu la umbo la kichwa hicho, wanakandamiza kwa presi ya mkono. Mmoja wao, Bwana Christopher wa Manassas, kalibu yake ilipasuka, akaelekezwa kwetu. Kalisti akaigeuzageuza.

"Aliyeitengeneza hii alikuwa na haraka," akasema.

Akamtengenezea nyingine. Basi wawindaji wakaambiana.

Kutoboa chuma si kazi, alikuwa akisema, kazi ni kung'arisha tundu. Anazungusha kijiti chenye dawa ya kusugulia asubuhi nzima, anafuta, anamulika tochi, anasugua tena. Halafu anapitisha pamba. Unyuzi mmoja ukibaki ndani, anaanza upya. Mwisho anatia kipande cha yale madini na kukandamiza. Kichwa kikitoka kwa kugongwa kidogo tu, anacheka peke yake. Kikikwama, siku hiyo hali chakula.

Mjukuu wetu Elieth alikuwa wa miaka minne, tukikaa naye na mama yake. Kutwa yuko gerejini kwenye paja la babu. Sasa sisi Wahaya tunatafuna kahawa, zile buni zilizochemshwa zikakaushwa. Mgeni akiingia unamtilia kiganjani hata hujamuuliza habari za atokako, na asiyepokea amekuja kwa ubaya. Ta Kalisti, maana "Ta" ndiyo heshima ya mzee kwetu, alikuwa na kikapu chake kidogo pale kando ya mashine. Akimaliza kalibu anachukua kahawa, anaimenya kwa vidole, punje moja yake, nyingine ya mtoto.

"Karibu mgeni wangu," anamwambia.

Na Elieth anapokea kwa mikono miwili, nilivyomfundisha.

Wakati wa kumwandikisha shule ya watoto wakamtoboa kidole kumpima. Damu ikaonekana ina yale madini ya risasi, tena mengi, wakasema ni sumu. Anitha aliingia nyumbani hajavua hata koti.

"Baba, mtoto anatia nini mdomoni?"

"Chakula."

"Na kingine?"

Mzee akatazama vidole vyake. Vilikuwa vyeusi mpaka ndani ya mistari.

Nikajibu mimi. Nilimwambia nyumba yangu haijawahi kuitwa chafu, na madaktari wa huku hawakosi la kusema. "Baba yako kashika madini hayo miaka yote, mbona yuko hai?"

"Mama, yeye kazeeka nayo. Huyu ubongo bado unakua. Sitaki kubishana. Ni hayo madudu au Elieth."

"Hilo nalo la kuchagua?" Kalisti akauliza.

Jioni ile ile akamwita Bwana Christopher aje na pikapu, akampa madini yote na presi yenyewe. Akasugua sakafu kwa brashi, akafuta kuta, nguo zake za kazi akazitupa. Anitha hakungoja. Alihamia mji wa Columbia, karibu na kazi yake ya kutunza wazee, akaenda na mtoto.

"Damu ikisafika nitamleta," akasema.

Mzee aliendelea na kalibu, maana chuma hakina ubaya wowote. Ila sasa alizijaribia kwa nta ya mshumaa. Nta inatoka vizuri, mtu anafurahi. Mteja akienda kutia madini yake, yanakwama. Kalibu zikaanza kurudi. Sijapata kuona kazi ya mume wangu ikirudishwa, wala sikujua ningefika kuona.

Bwana Christopher mwenyewe akaja nazo, amevua kofia. "Fundi, njoo kwangu ujaribie. Presi yako ipo vile vile."

"Nikienda, nguo zitarudi na vumbi lake," Kalisti akamjibu. "Na mtoto anaweza kuja siku yoyote."

Mgeni alipoondoka nikamwambia, "Ta Kalisti, unaliharibu jina lako kwa mtoto ambaye hata hajaletwa."

"Jina nitamwachia nani, Ma Anitha, kama siyo yeye?"

Wawindaji nao wakapungua, wakaisha. Aliendelea kung'arisha kalibu zisizo na mwenyewe. Anapitisha pamba, inatoka safi, anaifunika kwa kitambaa. Kila Jumamosi ananawa kwa sabuni ya unga na brashi mpaka ngozi inachubuka, anakaa dirishani.

Damu ya mtoto ilishuka polepole, mwaka ukapita na zaidi. Walipokuja, Kalisti alikuwa ameshakonda kwa maradhi yaliyomchukua baadaye. Alikuwa amenituma ninunue kahawa mpya, na kikapu kipya, cha zamani tulikwisha kukichoma. Kahawa nilimenya mimi, yeye hakutia vidole. Nilimtilia kwenye kiganja chake cheupe, kilichochubuka.

"Karibu mgeni wangu," akasema.

Elieth alikuwa amerefuka. Alisimama pale kwenye zulia, akaitazama ile mikono, akaficha ya kwake nyuma ya mgongo. Akasema kwa Kiingereza, nami nilielewa: mama amesema mikono ya Babu haiguswi.

"Elieth, siku hizi hakuna shida," Anitha akamwambia. "Pokea tu."

Mtoto akatikisa kichwa, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Hakuwa amekuja kwa ubaya. Alikuwa anaogopa.

Nilitaka kusema neno, Kalisti akanizuia kwa macho. Akafunga kiganja chake juu ya zile kahawa.

"Mtoto ana adabu," akasema. "Anashika la mama yake."