Sikio la Safi

Shemeji yangu Feruzi sikumpenda tangu siku ya kwanza, na kufa kwake hakujanibadilisha. Alikuwa fundi wa injini hapa mtaani kwetu Mangobo, kifua mbele, na mdomo ukiwa mbele ya kifua. Hadi leo kuna wanaosimulia kwamba alikuwa na sikio la ajabu. Uongo mtupu. Sikio lilikuwa la dada yangu Safi. Mimi nimelelewa na dada katika ua wao, na nililiona likifanya kazi.

Feruzi alikaa miaka kumi na tano ndani ya vyumba vya injini vya meli za mtoni, akipanda na kushuka kati ya mji wetu na Isangi. Dizeli zile zilimla masikio. Ukimpigia kelele atakusikia, lakini zile sauti ndogo za ndani ya injini, zinazomwambia fundi hapa pamekaza na pale pamelegea, zilikuwa zimempotea kabisa. Hakumwambia mtu. Fundi kiziwi nani atamletea gari?

Mwaka wa uhuru, Mbelgiji mmoja mwenye shamba alikimbia na kuliacha uani kwetu gari lake kubwa la Kimarekani, lililokuwa limeletwa kutengenezwa. Feruzi akalifanya lake. Akaenda Isangi, akafungua kwenye meli mbovu ile mashine inayosukumia dizeli hewa, akaifunga juu ya injini ya gari kwa mikanda na vyuma alivyovikata mwenyewe. Nimpe haki yake: mikono alikuwa nayo. Ila injini inayosukumiwa hewa kwa nguvu haitaki kubahatisha, na hutaka kurekebishwa kila safari. Ikipata petroli kidogo mno, inagonga na pistoni zinaungua. Ikipata nyingi mno, inakohoa moshi mweusi. Na mashine yenyewe ilipiga mbinja kali iliyofunika kila sauti nyingine.

Safi alisikia chini ya ile mbinja. Alisimama mlangoni pa jiko, pondu, mboga yake ya majani ya muhogo, ikichemka nyuma yake, mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono wa pili kimeinuka. Feruzi aligeuza skrubu ya kabureta huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Kidole kikishuka, anaacha. Mpita njia angedhani mke anasubiri kutumwa.

Siku gari lilipokamilika, ua ulijaa wanaume waliokuja kulishangaa. Safi naye alikuwa na furaha, akasema mbele yao, "Ile kugonga, ni mimi nilisikia."

Feruzi akacheka. "Huyu? Huyu iko nasikia pondu ikiungua, basi!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Dada yangu aliingia jikoni akafunga mlango. Kwa miaka minne aliendelea kuinua kidole, maana gari lilikuwa ndilo lililowavuta wateja, lakini hakumchekea tena mume wake. Mimi nilimchukia Feruzi kwa niaba yetu wawili, dada na mimi.

Agosti ya mwaka sitini na nne waasi wakauteka mji. Walijiita Simba. Komanda wao mmoja, Alphonse, alipata habari za gari, akaja na wapiganaji na mganga. Mganga akalinyunyizia maji ya dawa ili risasi zisilipate, kisha akatangaza mwiko: mwanamke asiliguse wala asilikaribie, kama vile wapiganaji wenyewe walivyokatazwa kugusa mwanamke. Safi akaamriwa akae jikoni, mlango umefungwa. Feruzi alirekebishe gari peke yake, wapate kwenda nalo safari ya Bengamisa, nje ya mji.

Walilijaribu siku hiyohiyo. Hata mjini halikutoka. Lilirudi likigonga, sauti ya kokoto ndani ya sufuria.

"Papa Feruzi," komanda akasema, "kesho saa tisa. Ikikatala tena, nitajua wewe iko mutu ya serikali."

Tulijua walichowafanya watu wa serikali. Tulikuwa tumeona.

Walipoondoka, Feruzi alikuja jikoni. Mimi nilikuwa namenya makemba, ndizi za kupika.

"Safi, ukuta iko na tundu. Kesho weka kidole pale, mimi nitaangalia."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Ile ulisema mbele ya batu. Iondoe mbele ya batu."

"Batu wanataka kuniua, na wewe unaniletea mambo ya pondu?"

"Ndiyo. Ya pondu."

Akatoka akitukana. Nilimwuliza dada kama kweli atamwacha afe. Akanijibu, "Mimi sina bunduki."

Kesho yake saa tisa wapiganaji walijaa uani, wengine wakiwa wamekwisha kupanda garini, na majirani wakajaa nje ya ua. Feruzi aligeuza skrubu kulia, akageuza kushoto. Hata mimi nilisikia inavyogonga. Alitazama tundu la ukuta, halikuwa na kidole. Komanda akatoa bastola.

"Si mimi!" Feruzi akalia. "Ni Safi! Ni bibi yangu iko nasikia! Mimi masikio ilikufa zamani!"

"Bibi?" komanda akauliza. "Alikaribia motuka hii?"

Mlango wa jiko ukafunguka. Safi akatoka, mikono myeupe kwa unga wa muhogo, akaenda moja kwa moja kwenye gari na kuweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Na leo pia," akasema.

Waliokuwa ndani ya gari waliruka nje. Hakuna aliyethubutu kumkamata, maana kumshika ni kuivunja dawa yake mwenyewe. Mmoja aliinua bunduki, mganga akamkemea kwamba damu ya mwanamke itawamaliza wote. Wakarudi nyuma hatua kwa hatua, wanaume wazima. Mimi nilikuwa nimejikojolea.

Gari halikuwafaa tena. Wakalimwagia petroli wakalichoma. Feruzi hakuwa mwanamke, kwa hiyo yeye waliweza kumgusa. Walimvunja mbavu tatu kwa vitako vya bunduki, wakaenda zao.

Safi alimfunga mbavu kwa kipande cha kikwembe chake, kitambaa alichokuwa amejifunga kiunoni.

"Umenimaliza," Feruzi akasema.

"Uko muzima."

"Afadhali wangenipiga risasi."

"Bado wako pale barabarani. Niwaite?"

Feruzi akainua mikono ili amalizie kumfunga. Vita vilipopoa alifungua tena kazi palepale uani, na wateja wakarudi. Lakini Mangobo nzima ilikuwa imesikia. Mtu akileta gari, anamsalimu Feruzi vizuri, anamwulizia mbavu, halafu anasema, "Na Mama Safi, iko?" Feruzi, bila kuinua kichwa, ananyoosha spana kuelekea jikoni.