Kidonge cha Kutoa Mafuta

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kitshanga, na kazi yangu ni kueleza. Kwa hiyo daktari wa Goma alipotupa majibu ya vipimo vya papa, baba yangu, nilijiona ndiye hasa wa kuyafikisha nyumbani Burungu. Kansa ya prostate, yaani tezi dume, alisema kwa Kifaransa. Papa angechomwa sindano kila baada ya miezi mitatu. Tena damu yake ilikuwa na kolesteroli nyingi, yaani mafuta, basi ameze na kidonge kimoja kila jioni cha kuishusha.

Kisha akaongeza jambo lililonivuruga kichwa mpaka leo. Eti kuna watafiti walioona, kwenye maabara, kwamba seli za kansa hutumia mafuta hayo ili zitoke mahali pake na kupenya kwenye nyama nyingine, na kidonge kile huenda kinazipunguzia nguvu. Nikamuuliza: kwa hiyo kitaizuia kansa ya papa isitembee? Akasema huenda. Kwa watu bado haijulikani vizuri. Yeye anakiandika kwa ajili ya moyo. Nilikasirika. Mwanafunzi akinijibu "huenda" darasani, namwambia akae chini asome tena.

Tukarudi Burungu na papa. Sisi watu wa ng'ombe tuna haya zetu: binti hataji sehemu za baba yake, hata mbele ya mama. Mama alipouliza, nilisema sindano ni za ugonjwa wa wanaume. Akaelewa, tukainamisha macho wote wawili. Na kidonge? Hapo ulimi ukawa mwepesi.

"Hiyo iko dawa ya kutoa mafuta mu mwili," nikasema.

Habari ya seli zinazotembea sikuigusa. Ningeanzia wapi bila kutaja zilikotoka?

Sasa, kwetu mafuta ndiyo afya yenyewe. Ng'ombe wako akikonda, majirani wanakuja kukupa pole. Mimi nimekulia humo, nimepakwa siagi tangu siku niliyozaliwa, na bado sikufikiria mama atasikia nini.

Miezi ikapita. Kila Jumamosi nilipanda Burungu, nikamkuta papa amepungua, nikasema ni ugonjwa. Siku moja nikitafuta chumvi, nikakuta pakiti za vidonge nyuma ya kibuyu cha kusukia maziwa, hazijafunguliwa. Mama hakuficha kitu.

"Papa yako alikuwa anakonda," alisema. "Nikaona ni hii dawa njo inamumaliza. Nikaiweka, nikamupatia mafuta ya ng'ombe."

"Na papa alikubali?"

"Papa yako hajakataa chakula yangu hata siku moja."

Nilimfokea. Mama yangu mzazi, mbele ya jirani aliyekuja kuchukua maziwa, nikamwambia anamuua mume wake. Hasira hasara, tunasema, lakini aliye na hasira haikumbuki methali. Papa alikuwa nje ya mlango, akasikia yote, hakuingia.

Akaanza kumeza vidonge. Mwezi uliofuata mgongo ukamuuma, tukashuka tena Goma, na picha zikaonyesha kansa imefika kwenye mifupa. Nilimuuliza daktari: je, kama angemeza tangu mwanzo? Akasema hawezi kujua. Pengine ingekuwa vilevile. Safari hii nilimshukuru, na sielewi nilimshukuru kwa lipi.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu, seli zinazotembea na hata yale niliyoyaonea haya. Alikuwa anasuka maziwa, na mikono yake haikusimama.

"Kwa hiyo ni miye njo nilimuharibia?" akauliza.

"Hapana, mama. Haiko wewe. Hata munganga wa Goma hajui kama ile dawa ingemusaidia."

Hapo mikono ikasimama. Akaniangalia kwa upole, na upole huo niliuogopa.

"Kama munganga mwenyewe hajui, ile siku uliniambia ninamuua papa yako juu ya nini?"